Kabla ya Zulia Jekundu, Tuonyeshane Daftari la Wapiga Kura

Hotuba mbele ya waongozaji, watayarishaji, waigizaji na mafundi wa filamu na tamthilia, Dar es Salaam. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Mgeni rasmi, mwenyekiti wa kikao, dada na kaka zangu wa mbele na nyuma ya kamera: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wote kwa ujumla habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa.

Katibu wa kamati ya tuzo zetu za filamu na tamthilia aliponipigia simu alinimwagia habari njema mfululizo. Ukumbi umepatikana. Mshereheshaji kakubali. Kuna fundi wa Keko ameshachonga sampuli ya tuzo yenyewe; nikatumiwa picha, na kusema kweli ni kitu kizuri. Nikauliza: wapiga kura ni akina nani? Akanijibu, "Hilo dogo, mzee, tutalimaliza wiki za mwisho."

Basi mimi nimekuja na hilo dogo. Mengine yote nawaachia nyinyi, maana mambo ya mapambo na mpangilio wa viti sina kipaji nayo.

Nitatoa mfano wa mbali, kwa makusudi. Nikitoa wa karibu, wenyewe wamo humu ndani na chai bado hatujanywa. Nitazungumzia Golden Globes, zinazotolewa kila mwanzo wa mwaka kule Beverly Hills, Marekani. Pale filamu na televisheni hukaa ukumbi mmoja, kama tunavyotaka kufanya sisi ambao ugali wetu unatoka kwenye tamthilia. Tena sijui tuzo nyingine kubwa iliyoanguka kifudifudi mbele ya dunia nzima kwa sababu ya daftari la wapiga kura, halafu ikainuka.

Chanzo chake ni mwaka 1943, Vita Kuu ya Pili imepamba moto. Waandishi wachache waliokuwa Los Angeles wakiyaandikia magazeti ya nchi za nje walianzisha chama. Shida yao ilikuwa geti. Mwandishi mmoja wa gazeti la ng'ambo akija peke yake, studio haina haraka naye. Wakija kwa umoja, wanasikilizwa. Wakija na tuzo mkononi, studio yenyewe inawatafuta. Mapema mwaka 1944 wakatoa tuzo za kwanza, ndani ya viwanja vya studio ya 20th Century-Fox. Washindi hawakupewa sanamu, walipewa hati za karatasi. Miaka ya hamsini televisheni ikaingizwa, na tangu 1961 sherehe ikapata makazi katika hoteli ya Beverly Hilton: meza za duara, chakula, shampeni, nyota wa filamu bega kwa bega na nyota wa tamthilia, kamera ikiwapitia wakicheka. Watazamaji walilipenda hilo. Ilikuwa tuzo isiyovaa tai.

Lakini wanaoamua nani anapanda jukwaani walikuwa ni wanachama wa kile kile chama cha waandishi. Kufikia mwaka 2021 walikuwa 87. Narudia, themanini na saba. Ni abiria wa basi moja la mikoani na nusu ya basi la pili, na hao ndio waliokuwa wakiipa filamu msukumo wa mamilioni ya dola kwenye majumba ya sinema. Oscar, kwa kulinganisha, hupigiwa kura na maelfu, na hao ni watu wa kazi yenyewe: waigizaji, wahariri, wapiga picha, watu wa sauti.

Kundi dogo lina udhaifu wake: linahudumika. Unaweza kulialika lote kwenye mlo mmoja. Mwaka 1968 kituo cha NBC kiliacha kuonyesha sherehe hiyo baada ya mamlaka ya mawasiliano ya Marekani kusema watazamaji wanapotoshwa kuhusu namna washindi wanavyopatikana. Mwaka 1982 ikawa zaidi. Mwigizaji Pia Zadora alipewa tuzo ya nyota mpya wa mwaka kwa filamu ambayo wakosoaji waliipiga mawe. Katika kipengele hicho hicho alikuwemo Kathleen Turner, ambaye historia imeshasema yeye ni nani. Mume wa Zadora, tajiri Meshulam Riklis, alikuwa na hoteli yenye kasino Las Vegas, na wapiga kura walikuwa wamealikwa huko kabla ya kupiga kura. Mkono mtupu haulambwi. Kituo cha CBS nacho kikaondoka, na kipengele chenyewe cha nyota mpya kikafutwa.

Ungedhani wamejifunza. Mwaka 2019 wanachama zaidi ya 30 walisafirishwa hadi Paris kutembelea seti ya tamthilia ya Emily in Paris, wakalazwa hoteli ya nyota tano. Tamthilia ikaja kuingia kwenye vipengele viwili vya tuzo za 2021. Mwaka huo huo I May Destroy You ya Michaela Coel, kazi iliyozungumzwa kila kona, haikupata hata kimoja. Mmoja wa waandishi wa hiyo hiyo Emily alijitokeza gazetini kusema ameshangaa kazi ya Coel ilivyoachwa. Fikiria: mtu aliyealikwa karamuni anasimama kusema aliyestahili kuwa mezani ni yule aliyeachwa nje.

Februari 2021 gazeti la Los Angeles Times likafungua daftari. Kati ya wale 87 hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja. Likaeleza pia kwamba chama kilikuwa kikiwalipa wanachama wake fedha nyingi kwa kazi za kamati, karibu dola milioni mbili kwa mwaka mmoja.

Siku chache baadaye sherehe ikafanyika. Hapa nataka tukae kidogo, hasa mafundi wa sauti, maana ni tukio lenu.

Ilikuwa tarehe 28 Februari, wakati wa korona. Washiriki wako majumbani kwao, kila mmoja kwenye kidirisha chake. Tuzo ya kwanza ya usiku ni ya mwigizaji msaidizi wa kiume wa filamu. Laura Dern anasoma jina: Daniel Kaluuya. Mzaliwa wa London, wazazi wake Waganda, jirani yetu kabisa. Kaluuya anatokea kwenye skrini, anafungua mdomo, na hakuna kinachosikika. Midomo inacheza, mikono inacheza, kimya. Laura Dern anaanza kuomba radhi kwa hitilafu ya mitambo, anataka kuendelea na ratiba. Ghafla sauti inarudi, na jambo la kwanza tunalolisikia ni Kaluuya akilalamika, nusu kwa utani, kwamba wanamfanyia visivyo. Kisha akatoa shukrani zake vizuri tu.

Ilikuwa hitilafu, si njama. Yeyote aliyewahi kurusha matangazo ya moja kwa moja anajua zinavyotokea. Ila wiki ile, ya habari ile, mtu mweusi wa kwanza kuitwa usiku ule akatokea hana sauti. Hakuna mwandishi wa skripti ambaye angethubutu kuandika hivyo. Mwongozaji angemwambia punguza.

Na Kaluuya huyo huyo, miaka mitatu nyuma, alishindania tuzo ya Golden Globe ya mwigizaji bora wa filamu za vichekesho na muziki. Kwa kazi gani? Kwa Get Out, filamu ya kutisha. Mlioiona mnajua kama mlicheka. Filamu inayofunguka kwa sauti za kwaya zinazoonya kwa Kiswahili, Kiswahili chetu hiki, ikapangwa na vichekesho! Jordan Peele, aliyeiongoza, alitania kwamba filamu yake ni ya matukio ya kweli. Kamati yetu imeandika vipengele 31. Ombi langu ni dogo tu: kila kipengele kiwe na mstari unaosema nini kinaingia na nini hakiingii, na asiyekubaliana ajue pa kupeleka malalamiko kabla ya usiku wenyewe.

Turudi kwenye anguko. Mei 2021 NBC ikatangaza kwamba mwaka unaofuata haitaonyesha. Makampuni makubwa yakajitenga. Tom Cruise akarudisha tuzo zake tatu. Januari 2022 chama kikaendelea hivyo hivyo: hakuna televisheni, hakuna zulia, hakuna mastaa, majina ya washindi yakatangazwa kwa Twitter. Usiku ule Will Smith na Nicole Kidman walishinda. Nani humu ndani anakumbuka? Sanamu ni ile ile, dunia iliyofungwa utepe wa filamu, dhahabu ile ile. Thamani haikuwa kwenye dhahabu.

Mwaka 2023 zikarudi kwenye televisheni, na mshereheshaji Jerrod Carmichael akaingia jukwaani akawaambia wazi kwamba ameitwa pale kwa sababu yeye ni mweusi. Ukumbi ulicheka kicheko cha watu wasiojua waweke wapi mikono. Katikati ya mwaka huo chama chenyewe kikavunjwa, tuzo zikauzwa kwa wafanyabiashara, na wapiga kura wakaongezwa hadi kuzidi 300 kutoka nchi nyingi. Wanachama wa zamani wakageuzwa waajiriwa wenye mshahara, jambo lililozua maneno, na mimi nawaunga mkono walioyasema. Mpiga kura anayelipwa na mwenye tuzo ana mabwana wawili.

Kwa hiyo msinielewe kwamba dawa ni wingi. Wapiga kura 300 wanaweza kupotoka kama 87, itagharimu tu zaidi. Swali langu ni wapiga kura wanajua nini.

Hili sijasikia likizungumzwa sana. Golden Globes hazina tuzo ya upigaji picha. Hazina ya uhariri. Hazina ya sauti, wala ya mavazi, wala ya vipodozi. Zina ya muziki na wimbo, ya skripti, ya uongozaji, ya uigizaji. Kwa nini? Mwandishi wa habari anaweza kumhukumu mwigizaji, maana anamwona. Mhariri akifanya kazi yake sawasawa haonekani. Oscar zina vipengele hivyo kwa sababu wahariri ndio wanaowapendekeza wahariri, na wapiga picha ndio wanaowapendekeza wapiga picha, kabla ya wote kupiga kura ya mwisho. Ukishaamua nani anashika kalamu, umeshaamua pia kazi gani zitaonekana na zipi zitabaki gizani.

Sisi tunataka vyote kwa pupa. Niliwahi kukaa kwenye jopo, wapi sitasema. Tulikuwa saba kwenye chumba kimoja cha ofisi. Tukaletewa flashi, laptop moja, na vile vispika vidogo vya mezani vinavyouzwa Kariakoo. Feni ya dari inavuma. Aliyetuandalia akasema muda ni mfupi, tuangalie dakika kumi kumi za kila kazi. Na kwenye karatasi ya alama kulikuwa na "sauti bora". Sauti gani? Tulikuwa tunasikia feni. Kijana aliyekesha usiku kucha akisafisha kelele za bodaboda kwenye mazungumzo ya Manzese hakuhukumiwa na mtu yeyote siku ile, hata kama alama zilijazwa.

Kama hatuwezi kupata chumba tulivu, spika za maana na watu watatu wanaoijua sauti, basi kipengele cha sauti tukiweke kando mwaka huu. Ni afadhali vipengele kumi na viwili vilivyohukumiwa kuliko thelathini na kimoja vilivyogawiwa.

Nije kwa Lupita, maana najua mnamngoja. Mwaka 2014, kwa kazi yake katika 12 Years a Slave, Lupita Nyong'o aliingia kwenye vipengele vya Golden Globes na vya Oscar. Januari, Golden Globe ilikwenda kwa Jennifer Lawrence. Machi, Oscar ikaenda kwa Lupita, na Kenya nzima haikulala. Kati ya Januari na Machi filamu haikupigwa upya. Ni dakika zile zile, machozi yale yale, mhariri hakugusa kitu. Waliobadilika ni wenye kalamu. Nawaambia waigizaji vijana hasa: usiku utakapotoka mikono mitupu, kabla hujajifungia chumbani, uliza kwanza ni akina nani waliokuona. Na usiku utakaposhinda, uliza hivyo hivyo.

Kuna suala la lugha. Mwaka 2020 mwongozaji Bong Joon-ho wa Korea Kusini alisimama kwenye jukwaa la Golden Globes akawaambia watazamaji kwamba wakiruka kizingiti cha inchi moja cha maandishi yanayopita chini ya picha, watakutana na filamu nyingi za ajabu. Wakampigia makofi. Mwaka uliofuata ikaja Minari, filamu ya Kimarekani, mwongozaji Mmarekani, kisa cha familia inayolima Arkansas. Ila mazungumzo mengi ni Kikorea, na kanuni ilitaka angalau nusu yawe Kiingereza. Ikatupwa kwenye kapu la lugha za kigeni. Kelele zikapigwa, kanuni ikalegezwa, na Januari 2025 Emilia Pérez, yenye mazungumzo mengi ya Kihispania, ikachukua tuzo kuu upande wa vichekesho na muziki. Usiku huo huo Fernanda Torres wa Brazil akashinda kwa filamu ya Kireno, robo karne baada ya mama yake, Fernanda Montenegro, kuteuliwa bila kushinda.

Kiswahili nacho kimeshafika kwenye kumbi hizo. Mwaka 2018 filamu fupi Watu Wote iliteuliwa kwenye Oscar, watu wakisikia Kiswahili na Kisomali. Ilipigwa Kenya, na waigizaji wa huko, juu ya abiria Waislamu waliowakinga wenzao Wakristo basi liliposhambuliwa karibu na Mandera. Mwongozaji wake ni Mjerumani na ilikuwa kazi ya chuo cha Hamburg. Simlaumu, alifanya kazi nzuri. Najiuliza tu kwa nini kisa chetu kilisubiri mwanafunzi wa Hamburg. Na upande wetu, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, kisha Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar. Kwa Kiswahili cha Unguja, bila kuomba radhi.

Sasa nyumbani. Najua kuna wanaosema, mzee, haya ya majopo ni ya wazungu, sisi tuna wananchi, wananchi wapige kura kwa simu. Sina ugomvi na wananchi. Tuzo za Africa Magic, zilizoanza 2013, zina vipengele vya watazamaji na vipengele vya majaji, na mwaka 2016 waigizaji wetu Lulu na Richie walirudi kutoka Lagos na tuzo tukafurahi sote. Kura ya watazamaji ni heshima ya kweli: inasema watu wanakupenda. Isichanganywe tu na neno "bora". Kila mwaka naona "nipigieni kura, link iko kwenye bio", na anayeshinda ni mwenye wafuasi wengi, au mwenye binamu wenye vifurushi. Tumwite jina lake: chaguo la watazamaji. Na mhariri bora apimwe na wanaoijua meza ya uhariri.

Hapo linakuja la wadhamini. Nawashukuru, bila wao hakuna taa humu ndani. Lakini mdhamini mwenye tamthilia kwenye kinyang'anyiro asiwe na mtu wake kwenye jopo, wala asiione orodha ya washindi kabla ya bahasha kufunguliwa. Kura zihesabiwe na mkaguzi wa nje, ambaye pia anakaa ukumbini akijua majibu. Kule Oscar mwaka 2017 wahesabuji ndio waliotoa bahasha isiyo yake na La La Land ikatangazwa. Ni kwa sababu walikuwepo, wakijua mshindi ni Moonlight, ndiyo maana kosa lilisahihishwa pale pale, watu wakiwa bado jukwaani. Kwetu lingesahihishwa Instagram, baada ya wiki, kwa matusi.

Majina ya wapiga kura yatangazwe mapema, pamoja na kazi wanazozifanya. Najua mtasema watafuatwa na bahasha za kaki. Watafuatwa tu, hata tukiwaficha, maana mji huu hauna siri; tofauti ni kwamba wakijulikana, na sisi tutakuwa tunawatazama. Mwenye kazi yake, ya mkewe, ya mumewe au ya shemeji yake kwenye kipengele, atoke nje ya chumba kipengele hicho kikijadiliwa. Asiyeangalia kazi yote mwanzo hadi mwisho, kura yake isihesabiwe. Tamthilia yenye vipande mia mbili? Mtayarishaji achague vipande vitatu, na hivyo vitatu viangaliwe vyote.

Rasimu ya kanuni nimepewa jana, kurasa sita. Mavazi ya zulia jekundu yana ukurasa mzima. Wapiga kura wako ukurasa wa tano, mistari miwili, na mstari wa pili unasema "kamati itaona inavyofaa". Mwenyekiti, kwa idhini yako, naomba tuanzie mstari huo. Wenye maswali wanyooshe mikono, na mafundi wa sauti wapewe nafasi ya kwanza.